Gedi: Vigae, Makaburi na Nasaba za Mama Zetu

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Malindi hupita Mtwapa, huvuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa daraja, kisha huingia penye msitu wa Arabuko-Sokoke ambapo kwa muda mrefu haoni ila miti. Msitu unapokwisha, kabla ya kufika Malindi, kuna njia ya kukata kwenda Watamu, na hapo pana mji mdogo uitwao Gede. Matatu husimama, watu hushuka na vikapu vyao, na ni wachache mno wanaoulizia magofu. Wengi wetu tumepita hapo mara zisizohesabika tukienda harusini au matangani, na ndani hatujaingia.

Safari hii tulikuwa watu ishirini na wanane katika matatu mbili: kina mama wa darasa la Jumamosi, mabinti wa madrasa, na wazee wawili waliosema wamekuja kuangalia usalama, ingawa waliangalia zaidi birika la kahawa. Kabla ya kuondoka baadhi ya wazazi walituuliza watoto watapata nini kwa kwenda kutazama mawe. Swali hilo lina haki yake, na jawabu letu lilikuwa hili. Mabinti zetu wakienda shule za bara huulizwa, mara kwa mzaha na mara kwa ubaya, “Nyinyi kwenu ni wapi hasa? Ni Waarabu au ni Waafrika?” Wengine hunyamaza. Wengine hujibu kwa kile walichosikia nyumbani, na waliyoyasikia nyumbani hutofautiana mlango kwa mlango. Tuliona ni vyema waende mahali ambapo swali hilo limechimbwa kwa jembe na kupimwa kwa ushahidi, wajionee jinsi jawabu linavyotafutwa kabla ya kusemwa.

Magofu ya Gedi si ngome wala si kasri moja. Ni mji mzima uliolala ndani ya msitu, uliozungushiwa ukuta wa nje unaokumbatia eneo la takriban ekari 45, na ndani yake ukuta mwingine unaozunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe za watu wenye nafasi. Mizizi ya miti imezishika kuta kama vidole. Kima hurukaruka juu ya mihrabu. Serikali ya kikoloni iliyatangaza magofu haya kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, uchimbaji wa kitaalamu ukaanza mwaka 1948 chini ya Mwingereza James Kirkman, ukaendelea kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ulimwengu umeijua, sisi majirani bado tunaipita.

Mwongozaji wetu, kijana mpole wa Kigiriama, alianza kwa kusema kwamba mji huu yadhaniwa ulianza kukaliwa karne ya kumi na mbili. Binti mmoja aliyekwisha kuonja elimu ya mustalahi akauliza kwa sauti, “Nani kapokea kwa nani?” Wenzake wakacheka. Kijana hakucheka. Alituongoza hadi kwenye kaburi moja lililo karibu na njia, akasema, “Huyu hapa ndiye shahidi wa kwanza.”

Ni kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, na ndani ya maandishi mna mwaka: 802 Hijria. Mwaka huo ulianza mwaka 1399 wa Miladi ukaishia 1400. Katika mji mzima hakuna kitu kinachosema wazi kama kaburi hilo, na ndiyo maana huitwa Kaburi la Tarehe. Lakini linasema nini hasa? Linasema kwamba katika mwaka 802 alikufa hapa Muislamu aliyekuwa na watu wa kumwandikia. Halisemi mji ulianza lini. Halisemi ulikwisha lini. Wala halituambii kama marehemu alikuwa mwenyeji au mgeni aliyefikwa na ajali yake safarini. Shahidi mwaminifu huulizwa alichokiona, na hapo anasimama. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua hili: kadhi hampi shahidi maneno ambayo hakuyatamka.

Hapo ndipo kazi ya mwanaakiolojia inapoachana na kazi ya mpitanjia. Mpitanjia akisoma 1399 huufanya mji mzima kuwa wa mwaka huo. Mwanaakiolojia huuliza: chini ya kaburi kuna nini, na chini ya hicho kuna nini tena?

Tuliwakalisha kina mama kivulini tukawaeleza kwa mfano wa jaa. Nyumba ikikaliwa, taka hutupwa nyuma yake kila siku, na taka za leo huangukia juu ya taka za jana. Ukija baada ya miaka mia tano ukachimba taratibu, tabaka kwa tabaka, utakutana kwanza na vitu vya siku za mwisho, na vya siku za kwanza utavikuta chini kabisa. Hali kadhalika sakafu. Sakafu ya chokaa ikishapigwa, kilicho chini yake hakikuingia baadaye, isipokuwa sakafu imevunjwa au mnyama amefukua. Kwa hiyo kikipatikana kigae cha bakuli la Kichina chini ya sakafu, na ikajulikana bakuli la namna hiyo lilianza kufinyangwa lini huko Uchina, basi sakafu hiyo haiwezi kuwa imepigwa kabla ya bakuli kuzaliwa. Huo ni mpaka wa upande mmoja tu. Sahani ya bibi yaweza kukaa kabatini miaka sabini ndipo ivunjike mkononi mwa mjukuu.

Mama mmoja akauliza: na hao mabwana watajuaje kigae ni cha miaka gani, na hakina tarehe? Jawabu lilitoka kwa mwenzake kabla yetu. “Wewe huijui leso kwa pindo lake?” Kweli. Mpe mama wa Mombasa leso kuukuu atakwambia bila kutazama kitabu kwamba hii ni ya zama za harusi ya fulani, kwa sababu mapambo yale, rangi zile na jina lile vilitoka wakati ule, vikavaliwa na kila mtu, vikapitwa na vingine. Vyombo navyo vina fasheni yake. Rangi ya samawati juu ya nyeupe ina zama zake, kijani cha majani mateke kina zama zake, na umbo la mdomo wa chungu chetu cha udongo nalo limebadilika karne hadi karne. Aliyeshika vigae elfu kumi huvijua kama mama anavyojua leso. Tangu hapo hatukuhitaji kueleza zaidi, na twakiri kuwa darasa la siku ile lilisomeshwa na kina mama.

Kuna njia nyingine, ya mkaa. Kila kilicho hai, mti au mnyama, hupokea kutoka hewani namna ya kaboni ambayo hupungua baada ya kufa kwa kipimo kinachojulikana: kila baada ya takriban miaka 5,730 hubaki nusu yake. Mkaa wa meko ya kale ukipimwa hutoa umri wake, si kwa siku bali kwa muda, kwamba ni baina ya mwaka huu na huu. Ni shahidi asiye na upendeleo, lakini naye husema juu ya mti ulipokufa, si juu ya mpishi alipouwasha.

Tukaingia majumbani. Nyumba za Gedi zimepewa majina kutokana na vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Kauri, maana yake zile simbi za baharini. Yafaa watoto wajue kuwa majina hayo ni ya wachimbaji. Wenye nyumba walikuwa na majina yao na hayakutufikia. Kina mama walivutwa zaidi na vyoo, na hatuoni aibu kulisema. Nyumba za mawe zilikuwa na choo cha shimo ndani, na kando yake mahali pa kustanjia palipojengwa kwa ufundi. Mtu aweza kusoma vitabu vingi kuhusu biashara ya pembe na dhahabu asipate kuwajua watu wa mji kama anavyowajua akisimama hapo. Walikuwa watu wa tohara.

Msikiti mkuu una kisima chake pembeni na mahali pa kutilia udhu. Hapa jiwe na karatasi zinashuhudiana. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa. Katika safari yake ameeleza kuwa watu wa Mombasa ni watu wa dini, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba penye milango ya misikiti kulikuwa na visima na kata za kutekea maji ili watu waoshe miguu kabla ya kuingia. Tukimpima kwa mizani ya wapokezi, huyu ni mtu aliyeona kwa macho yake, na hilo ni jambo kubwa. Ila aliyasimulia yakaandikwa na mtu mwingine zaidi ya miaka ishirini baadaye, na Mombasa alilala usiku mmoja tu. Habari yake twaipokea kwa hadhari. Kisima cha Gedi kinapokuja kusimama upande wake, habari inapata nguvu, mfano wa riwaya inayopata riwaya ya pili ya kuitegemeza.

Na wakati mwingine karatasi hunyamaza kabisa. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakawa na makao yao hapo kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, hadi walipohamia Mombasa mwaka 1593. Gedi iko karibu na Malindi kiasi cha mtu kwenda kwa miguu na kurudi. Hata hivyo katika maandishi yao Gedi haitajwi waziwazi, nayo ilikuwa mji wenye kuta, misikiti na vyombo vya Uchina. Wanahistoria wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi. Sisi lililotugusa ni jepesi zaidi: kutoandikwa na mgeni si dalili ya kutokuwepo. Laiti Kirkman asingechimba, wangepatikana wasomi wa kutuambia kwamba hapakuwa na mji.

Lakini hata jiwe lina upendeleo wake. Baina ya ukuta wa ndani na wa nje palikaa watu wa nyumba za udongo na makuti. Wao ndio waliokuwa wengi. Nyumba zao zimerudi ardhini, na mgeni anayefuata njia ya watalii hupita juu yao bila kujua. Jiwe hubaki kwa tajiri. Mchimbaji wa zamani aliyefuata kuta alipata habari za walio na kuta, akadhani ameupata mji.

Kosa la namna hiyo liliwahi kuitawala historia yetu yote. Wasomi wa zama za ukoloni na wa miaka iliyofuata, wengi wao watu wenye bidii, waliona msikiti wa matumbawe, wakaona maandishi ya Kiarabu na sahani za Kichina, wakahukumu kuwa miji hii ilijengwa na wageni waliovuka bahari na kuja na ustaarabu wao kamili, kama mtu ajaye na sanduku lililofungwa. Mwafrika katika hadithi hiyo alikuwa mchukuzi wa mawe. Hukumu hiyo ndiyo iliyoingia vitabuni, ikaingia siasani, na mwangwi wake ndio huo anaousikia binti yetu bwenini.

Jawabu halikutoka Gedi. Lilitoka Shanga, kisiwani Pate, karibu na Siyu, mahali ambapo mashua haifiki ila maji yakiwa yamejaa. Huko katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba msikiti wa Ijumaa wa mji uliohamwa mapema karne ya kumi na tano. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine. Chini ya huo, mwingine. Wakaendelea kushuka mpaka hapakuwa na jiwe tena, ila madoa meusi mchangani yaliyopangika safu. Madoa hayo ni mashimo ya nguzo: mti huoza, na mahali pake udongo hubaki na rangi tofauti. Walikuwa wamefika kwenye vimisikiti vidogo vya miti na udongo, na wa mwanzo wao ni wa mwishoni mwa karne ya nane Miladi, yaani karne ya pili Hijria. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu. Na vyungu vilivyotapakaa katika matabaka yote, kutoka chini hadi juu, vingi mno ni vya udongo wa huku huku, vilivyofinyangwa na kupambwa kwa namna inayofanana na ya watu wa bara la pwani hii.

Tafadhali, msomaji, isome picha hiyo polepole. Wageni wangekuja na ustaarabu uliokamilika, tabaka la chini lingekuwa la mawe na vyombo vyao. Kinyume chake ni kijiji cha miti kinachokua, msikiti unaopanuliwa jamaa inapoongezeka, miti inaacha nafasi kwa matumbawe, na chungu cha nyumbani hakibadiliki ghafla. Wanaoswali wanaongezeka na jiko ni lile lile.

Baada ya Shanga upepo uligeuka, na kama kawaida ya upepo, uliwapeleka wengine mbali kupita kiasi. Kulikuwa na masimulizi ya kale ya Washirazi. Tarehe ya Kilwa, ambayo sura yake moja ilinakiliwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552 na nyingine ipo kwa Kiarabu, yaeleza juu ya mtawala na jamaa zake waliokuja kwa majahazi kutoka upande wa Shirazi, na kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Wasomi wengi wapya walisema hayo ni maneno ya kujipamba, watu walitafuta nasaba ya fahari. Wazee wetu waliosimulia Ushirazi wakafanywa waongo kwa upole.

Mwaka 2023, mwezi wa Machi, ulichapishwa katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, na katika mji mmoja ulio mbali na bahari. Waliozikwa katika miji ya pwani waliishi baina ya miaka ya 1250 na 1800. Miongoni mwa waliouongoza uchunguzi huo ni Chapurukha Kusimba, msomi mzaliwa wa Kenya ambaye ameichimba Mtwapa kwa miaka mingi. Matokeo hayakumfurahisha kikamilifu mtu wa upande wowote, na kwetu hiyo ni alama njema. Kwa wengi wa wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika. Fungu kubwa lililobaki lilitoka Asia, na katika fungu hilo la Asia, asilimia 80 hadi 90 lilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000 Miladi. Kwa hiyo wazee hawakusema uongo. Walikuja kweli watu wa Uajemi. Ila walipokuja waliikuta Shanga imekwisha kuswali zaidi ya miaka mia mbili.

Na upande ule wa Afrika ulikuja kupitia kwa nani? Kuna sehemu ndogo ya vinasaba ambayo mtoto, wa kiume au wa kike, huirithi kwa mama pekee, naye mama kwa mama yake, mlolongo usiokatika. Kuna nyingine ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba. Waliposoma sanad hizo mbili, ya baba iliwapeleka mara nyingi Uajemi, na ya mama iliwabakisha, kwa sehemu kubwa kabisa, hapa hapa.

Tulipoyasema haya mbele ya jumba la mtawala, kina mama walinyamaza kidogo. Tarehe zetu zimejaa majina ya wanaume: fulani bin fulani bin fulani, aliyekuja na jahazi, aliyenunua kisiwa, aliyejenga msikiti. Mke wake hatajwi, na akitajwa ni binti wa fulani. Naye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Chungu ni chake. Lugha ni yake pia: Kiswahili kimekopa maneno mengi kwa Waarabu na kidogo kwa Waajemi, lakini mifupa yake ni ya Kibantu, na mtoto hunyonya lugha pamoja na maziwa. Nasaba ya baba iliandikwa wino. Ya mama iliandikwa mwilini, ikazikwa, ikangoja karne nane isomwe.

Hapa pia hatuna budi kumpima shahidi. Watu 80 ni wachache kwa miji mingi na karne nyingi, na wengi wao walizikwa penye makaburi ya watu wenye hadhi. Wale wa nyumba za makuti hawakuulizwa. Isitoshe, vinasaba havikuandika mahari. Haviwezi kutueleza kama mume na mke walipendana, wala nani alimposa nani. Anayetaka kuvifanya kadhi wa kila kitu amevipa kazi isiyo yao. Na kwa mabinti tuliongeza: hakuna katika hayo yote kipimo cha ubora wa mtu mbele ya Mola wake.

Tuliulizwa, na ilikuwa lazima tuulizwe, juu ya makaburi. Je, yafaa kufukua maiti wa Kiislamu kwa ajili ya elimu? Msimamo wetu tuliwaeleza kama tunavyoueleza hapa. Asili ni kwamba kaburi lina heshima, na mfupa wa maiti una heshima ya mfupa wa aliye hai. Kutoka katika asili hiyo kunahitaji haja ya kweli, idhini ya watu wa mahali na wanazuoni wao, uchache wa kugusa, na kuwarudisha marehemu walipokuwa. Kuhusu uchimbaji wa makaburi ya Mtwapa imeelezwa kuwa idhini ilitafutwa na mabaki yakazikwa tena katika msimu ule ule. Hilo linapunguza uzito wa jambo, ingawa twajua wako wanazuoni watakaobaki na karaha yao, nao wana dalili zao. Wallahu aalam.

Lakini kuna ufukuaji ambao hatumsikii mtu akiulizia hukumu yake. Makaburi mengi ya kale ya pwani yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ukutani. Tembea leo uyatazame: utaona matundu ya mviringo, bakuli halipo. Limechokolewa na wezi, au na watu wasiojiita wezi. Bakuli hilo likifika dukani huwa pambo la bei. Hakuna tena awezaye kusema lilikuwa kwenye kaburi la nani, mji gani, zama zipi. Kitu kilichong'olewa mahali pake ni kama riwaya iliyokatwa sanad. Maneno yake huenda ni mazuri, lakini hakuna hukumu inayoweza kujengwa juu yake. Binti mmoja wetu aliokota kigae kidogo cha samawati karibu na kisima, akakificha ndani ya buibui kwa nia ya kumpelekea mama yake. Mwongozaji alimwona. Hakumkaripia, alimwomba akirudishe pale pale, si hatua tatu kando, akamweleza kuwa sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inakataza. Yule binti alihangaika kupatafuta mahali penyewe, akapapata.

Si mabakuli tu. Misikiti yetu ya kale huvunjwa mwezi mmoja ikapandishwa ghorofa na vigae vinavyong'aa, na mihrabu ya matumbawe ikatupwa pamoja na kifusi bila hata kupigwa picha. Hatupingi kupanua msikiti. Shanga waliupanua wao mara nyingi. Twaomba tu kamati zimwite mtu wa makumbusho siku moja kabla ya fundi. Na majumbani mna masanduku: hati za kununua mashamba kwa mwandiko wa Kiarabu, vyeti vya ndoa, barua zilizotoka Lamu au Muskati, daftari za mahari. Bibi akifariki, wajukuu wasiojua kuusoma mwandiko ule huvichoma pamoja na magodoro. Mwanahistoria wa kesho angepata katika hati moja ya shamba jina la mwanamke aliyemiliki minazi yake mwenyewe, mipaka yake, majirani zake na mashahidi wake.

Adhuhuri ilipokaribia tulikaa chini ya miti karibu na lango tukala mahamri na mbaazi. Tuliwaomba mabinti kila mmoja ataje mama yake, kisha mama wa mama yake, apande hivyo hivyo mpaka asipojua. Wengi waliishia wa tatu. Wawili waliishia wa pili, nao wanazijua nasaba za baba zao hadi babu wa sita. Ndipo bibi mmoja mwenye asili ya Lamu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi na magoti yakimsumbua, akaanza kuhesabu kwa vidole: mama yake, bibi yake, na wa juu yake, kwa majina yao na mitaa yao. Mjukuu wake alikuwa akiandika nyuma ya tiketi ya kuingilia. Walifika saba. Wa saba bibi hakumjua jina, ila alisema kwao walimwita “yule wa Pate”. Mjukuu alifikiri kidogo, akaandika hivyo hivyo, na pembeni yake, kwa herufi za Kiarabu, akatia neno wanalolitumia watu wa hadithi kwa mpokezi asiyejulikana: majhul.